Ng'ombe Niliiba Kweli, Rufaa Ikanitoa

Mhariri, jina langu naomba ulifiche. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mbili, niliishia darasa la tano, nakata mkonge huku Tanga. Kwetu ni Nyamuswa, Bunda. Mtanihukumu, lakini nimechoka kukaa na jambo hili peke yangu.

Miaka ile ya foleni za sukari na sabuni niliiba ng'ombe wawili, mchana kweupe, walipokuwa wakinywa maji mtoni. Walikuwa wakilala zizini kwa jirani yetu, Mzee Wambura, lakini hawakuwa wake. Kwetu mtu huweka ng'ombe kwa rafiki amfugie. Mfugaji anapata maziwa, ng'ombe wanabaki wa mwenyewe. Hao walikuwa wa Mzee Masatu wa Kiriba. Mzee Wambura aliniona. Mahakamani alinitazama akasema, "Mwanangu, nilikuita kwa jina, ukageuka." Nikafungwa miaka mitano.

Gerezani Musoma, mfungwa mmoja aliyekuwaga karani alisoma karatasi zangu akacheka. "Wewe bwana, unafanya nini humu? Hati ya mashtaka inasema ng'ombe ni wa Wambura. Mashahidi wote, hata Wambura mwenyewe, wanasema ni wa Masatu. Na hakuna aliyeirekebisha!" Akaniandikia rufaa. Jaji akasema hati na ushahidi haviendani, akaamuru niachiwe. Kama niliiba au sikuiba, hilo hakuligusa.

Mama hakutaka kusikia habari za hati. Alipiga vigelegele mpaka kanisani: "Mahakama kubwa imesema mwanangu hana hatia!" Watu wakaulizana, basi ng'ombe waliliwa na nani? Wakamgeukia Mzee Wambura. Mzee Masatu akaja akaswaga ng'ombe wake wote waliobaki. Na wengine wakaondoa wa kwao. Zizi la mzee likaota majani, kilabuni wakawa wanamwita "Shahidi" na kucheka. Nikashindwa kumtazama, nikakimbilia huku.

Juzi nimepata barua ya mama. Mzee Masatu ananiomba radhi, amenitengea mtamba wa mahari nirudi nioe. Mzee Wambura ni mgonjwa, hainuki. Kila anayetoka safari, mzee humuuliza, "Yule kijana hajasema kitu?"

Nikisema, mama atauficha wapi uso wake? Na sijui kama nitarudishwa jela. Nikinyamaza, mzee anakufa akiitwa mwizi, na mwizi ni mimi. Usiku silali, mchana panga linanikosakosa mguu.

Ndugu zangu, nishaurini. Nikishuka basi pale Nyamuswa, nianzie nyumba ipi, ya mama au ya Mzee Wambura?