Mboga za Mke wa Mjomba

Nesi wa zahanati alinipa vidonge vya vitamini. Nikavipokea kwa mikono miwili, kisha nikamuuliza vimetengenezwa na nani, na kama yeye mwenyewe anavimeza. Akacheka. Akasema, bibi, yaliyomo humu yamo pia kwenye mboga chungu ya mchunga, kwenye samaki wadogo na kwenye jua la asubuhi. Mimi sikucheka. Aibu ya zamani ilinipanda, nikaaga nikaondoka.

Nimezaliwa na shaka. Tangu utoto nilinusa uji kabla ya kuunywa, na nyumbani walinitania kwamba hata titi la mama nililichunguza kwanza.

Enzi hizo alitawala Mjerumani, na reli ilikuwa imeshafika Morogoro. Sisi tulikaa juu, Uluguru. Nilipovunja ungo niliwekwa ndani kama desturi yetu ilivyotaka: binti anakuwa mwali, anakaa chumba cha nyuma, haonwi na wanaume wala haguswi na jua mpaka siku ya kutolewa. Wengine walikaa miezi. Mimi nilikaa mavuno mawili. Kadiri mwali alivyokaa ndivyo ngozi yake ilivyokuwa nyeupe, na weupe huo ulikuwa sifa ya ukoo mzima, maana ulionyesha kwamba binti hakutumwa kuni wala jembe.

Mama yangu alikuwa amefariki, hivyo nilitunzwa na bibi mzaa mama. Mwenye kauli juu yangu alikuwa mjomba, kwa sababu kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba alikuwa kibarua wa reli huko chini, na kila alipopanda mlima alileta mchele. Bibi aliutwanga, akaupepeta, akautwanga tena mpaka usibaki hata wekundu kidogo. Nilikula wali mtupu asubuhi na jioni, kwani mboga za majani zilihesabiwa kuwa chakula cha watu wa jembe. Mashavu yakajaa, nami nikajiona binti wa sultani.

Mke wa mjomba naye alikuja kila siku, bibi akiwa shambani. Alikuwa mtu wa ukoo mwingine, kutoka upande wa pili wa mlima, na alikuwa na binti yake aliyewekwa mwali kama mimi. Aliniletea bakuli la mchunga, siku nyingine mnavu au majani ya maboga, na samaki wadogo wa mtoni waliokaushwa, wa kutafunwa na miiba yao. Kisha alifungua mlango wa uani.

"Toka kidogo, mwanangu, ukae juani. Uani hapa hakuna wa kukuona."

"Bibi anajua?"

"Hajui, na usimwambie. Atasema nakuharibu."

Sasa niambieni, msichana mwenye akili zake afikiri nini? Mbona anakuja bibi akiwa hayupo? Mbona ananong'ona? Binti yake na mimi tungetolewa siku moja, watu wangetutazama wote wawili, na huyu anataka nitoke mweusi kama sufuria. Nikasema moyoni, hapa pana jambo. Jua nilikataa, nikisingizia kichwa. Bakuli nililipokea na kushukuru, lakini alipotoka tu, niliwamwagia kuku chakula chote kupitia ufa wa ukuta.

Kuku wakazoea. Kabla hajafika walikuwa wameshajipanga pale nje. Niliwachungulia kila siku nione ni yupi atakayeanza kufa. Hakufa hata mmoja. Walinenepa wakataga mpaka bibi akashangaa, nami nikaamua kwamba dawa hiyo inamjua iliyemkusudia.

Mavuno ya pili yalipokaribia, mifupa ya miguu na nyonga ilianza kuniuma. Fizi zilitoka damu nikipiga mswaki. Kuinuka mkekani ilibidi nishike ukuta. Sikumwambia mtu, ila nilikuwa na hakika nani amenifanyia. Nikadhani huenda harufu ya zile mboga ilitosha, au alipaka kitu kwenye ukingo wa bakuli.

Siku ya kutolewa tulibebwa mabegani kwa vigelegele. Watu walinisifu kwamba nilikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa, na binti wa mke wa mjomba wakamwonea huruma kwa weusi wake. Tukateremshwa tucheze. Yeye alicheza mpaka vumbi likatimka. Mimi nilipiga hatua mbili, magoti yakakunjika, nikaanguka mbele ya ukoo wote.

Wazee wakakaa palepale. Mjomba akaniuliza, "Nani alikuwa anakuletea chakula?"

"Bibi."

"Na nani mwingine?"

"Mkeo. Kila siku, bibi akiwa shambani. Alinikataza kusema."

Kila neno lilikuwa la kweli. Habari ya kuku sikuitaja. Mke wa mjomba alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi. Hakunikasirikia. Alinitazama akingoja nimalize kusema.

Zamani mtu aliyeshukiwa uchawi kama huyo angenyweshwa sumu ya mwavi, afe au apone. Mjerumani alikuwa ameukataza na watu waliiogopa Boma, kwa hiyo wakakata shauri arudishwe kwao pamoja na binti yake, kaka zake waje kumchukua baada ya siku tatu.

Siku ya pili yule binti alinijia. Hakunisalimu.

"Mama alinilisha vilevile. Wewe ulikuwa unakula?"

Nikaanza kuunyoosha mkeka.

"Nakuuliza, ulikuwa unakula?"

"Sikula."

Aliiangalia miguu yangu, akaondoka. Nililia, maana sasa nilielewa kwamba mboga zile ndizo zilizompa yeye miguu ya kucheza. Nikajikokota kwa kushika ukuta mpaka kwa mjomba.

"Shikamoo mjomba. Kile chakula sikukila. Niliwapa kuku."

"Marahaba. Hata tonge moja hukula?"

"Hata moja."

Akamgeukia bibi. "Unasikia? Amemshika mpaka ulimi."

Bibi akaanza kulia. Nikaapa. Nilivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kuamini kwamba mchawi ndiye anayesema kwa kinywa changu. Sikuweza kuwalaumu, kwa sababu ningekuwa wao, nami ningeshuku hivyohivyo.

Asubuhi ya kuondoka mke wa mjomba alipita mlangoni pangu na mkeka kichwani.

"Mama, nisamehe," nikamwambia.

"Kaa juani," akasema. "Na mboga ule mwenyewe. Kuku nilikuwa nawaona. Nilidhani unawapa yanayobaki."

Akashika njia, binti yake nyuma.

Nikaanza kula. Nilichuma mchunga nyuma ya jiko nikauchemsha mwenyewe, nikatafuna samaki na miiba yao, na kila asubuhi nilikaa juani mpaka bibi akachoka kunikemea. Mahindi yalipotoa mbelewele nilisimama bila kushika ukuta. Wakati wa kuvuna nilishuka mtoni na kupanda na mtungi kichwani. Nilifurahi, siwezi kusema uongo.

Njiani watu walinisimamisha waitazame miguu yangu. "Mnaona," wakaambiana, "tangu yule mchawi aondoke, mtoto amepona." Nikawaambia ni mboga, ni jua, na aliyenifundisha ni yeye. Wakanionea huruma. Nikaendelea kupanda na mtungi wangu, na kadiri nilivyotembea vizuri ndivyo walivyozidi kuwa na hakika.