Farasi wa Mihayo na Kiberiti Changu

Mwaka 1961, nikiwa na miaka kumi na minane, baba yangu alifariki na mvua ikakosa, vyote kwa msimu mmoja. Hapo ndipo shida yangu ilipoanza. Lakini kosa ninalotaka kulisema halikuletwa na shida. Nililifanya nikiwa nimeshiba, kwa akili yangu timamu, huku nacheka.

Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo msitegemee maneno ya kupamba. Jina langu siliandiki. Watu wa kwetu Vihingo wakisoma watanijua, na wakitaka waje waniulize.

Nilitoka Kisarawe kwa miguu nikaenda upande wa Kibaha, kwenye shamba la mkonge la tajiri mmoja mzungu. Nyuma ya nyumba yake alifuga farasi. Alikuwa ananunua wachanga, wanafundishwa kupandwa, halafu anawauza kwa matajiri wenzake wa Dar es Salaam. Vijana hunibishia nikisema Kibaha ilikuwa na farasi. Walikuwepo. Mbung'o waliwaua wengi, lakini walikuwepo.

Mimi niliajiriwa kukata majani. Fundi wa farasi alikuwa Mihayo, Mnyamwezi, ananizidi miaka kama kumi. Mimi Mzaramo. Maana yake tulikuwa watani hata kabla hatujajuana majina. Asubuhi nampa shikamoo kwa ajili ya umri wake, anaitikia marahaba, halafu matusi yanaanza.

"Nyie Wanyamwezi mlikuja pwani na pembe za ndovu kichwani," namwambia. "Mkachoka kurudi, ndiyo mkabaki."

"Na nyie mkatuona tunapita mkadhani ni ngoma," ananijibu. "Mkaacha mashamba, mpaka leo hamjarudi kulima."

Mihayo hakuwa anapiga farasi. Mafundi wengine walikuwa wanampanda mnyama kwa nguvu, anaruka nao mpaka anachoka, wanasema amefunzwa. Mihayo alianza na gunia tupu. Analilaza mgongoni, analitoa, analilaza tena, huku anamsemesha Kinyamwezi. Gunia likizoeleka analitia mchanga. Halafu hatamu, halafu tandiko. Yeye mwenyewe kupanda ilikuwa mwisho kabisa, na siku ya kwanza alikuwa anajilaza kwa tumbo juu ya mgongo kama nguo iliyoanikwa, ili farasi auzoee uzito wa mtu kwanza.

Yote hayo alinifundisha mimi. Hakunidai kitu, zaidi ya kunitukana.

Basi akaja farasi mmoja dume, mwekundu, ana alama nyeupe kwenye paji. Tajiri akamwambia Mihayo, huyu akifunzwa vizuri akauzika, utakuwa msimamizi wa banda lote na nyumba ya mawe nitakupa. Mihayo alikuwa ameoa kwao Tabora, mkewe anaitwa Kalunde, amemwacha huko kwa sababu pale shambani tulikuwa tunalala wanaume tupu kwenye banda moja. Nyumba ile ndiyo ingemleta Kalunde. Kila siku alikuwa anapita kuitazama, anagusa ukuta, anaondoka.

Na mimi nikaona hapo ndipo pa kumfanyia utani.

Nilianza hivi. Jioni nikimpelekea yule farasi majani, natikisa kiberiti, chaka-chaka, halafu nampa kipande cha sukari guru. Haikuchukua muda. Akisikia kiberiti tu anaacha majani anakuja kuninusa mfuko. Alikuwa na akili kuliko sisi wote pale.

Siku moja Mihayo amempanda uwanjani, nikajificha nyuma ya ua la makuti nikatikisa. Farasi akageuza sikio, akageuza shingo, akaja moja kwa moja mpaka kwenye ua. Mihayo anavuta hatamu, wapi. Mimi nimeng'ata shati nisicheke.

Akashuka. Akakagua lijamu mdomoni, akainua kwato moja moja. Hakuona kitu. Jioni tunakula akaniuliza, tena kwa upole, "Mtani, hebu niambie kweli. Mkono wangu wa kushoto unauona mzito?"

"Mzito," nikamwambia. "Si wa kubebea pembe huo."

Akacheka. Lakini nilimwona anautazama ule mkono.

Nikarudia tena mara kadhaa. Nia yangu ilikuwa, siku ya kuuza ikipita salama, nitoe kiberiti mbele ya watu niseme nilivyomfanya, anitukane, anipe jogoo wa utani, yaishe. Hivyo ndivyo watani tunavyofanyiana. Sikuwa na ubaya naye. Hilo nalisema ingawa halisaidii.

Siku ya mnunuzi ikafika. Mgeni alikuja na gari, amevaa kofia, amesimama nje ya uzio wa miti pamoja na tajiri. Mihayo amevaa shati la kupigwa pasi. Akampanda farasi, akamwendesha taratibu, akamtia mchakamchaka, akamgeuza kulia na kushoto kama anageuza baiskeli. Mgeni akafurahi. Akatoa sigara.

Kuna watu kabla ya kuwasha hutikisa kiberiti sikioni, wajue kama njiti bado zimo. Yule mgeni alikuwa mtu wa namna hiyo.

Farasi alitoka mbio akaruka uzio. Mihayo hakuruka naye. Aliangukia nguzo, nyonga ikavunjika, tuliisikia. Farasi akasimama mbele ya mgeni akaanza kumtafuta mfukoni kwa midomo, kwa adabu kabisa.

Mgeni akaingia kwenye gari. Tajiri akaja akamsimamia Mihayo pale chini. "Muda wote huu ulikuwa unamfundisha nini?"

Mihayo akasema, "Sijui, bwana. Nilidhani anajua."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu, kiberiti kimo mfukoni mwangu. Sentensi moja ilikuwa inatosha. Sikuisema.

Mihayo akafukuzwa. Kazi yake nikapewa mimi, na ile nyumba ya mawe nikalala mimi. Alipotoka hospitali alipita kuchukua kibegi chake, anatembelea fimbo. Akanipa hatamu aliyoishona mwenyewe kwa ngozi. "Chukua, mtani," akasema. "Wewe una mkono mwepesi. Wangu umenidanganya." Nikaipokea. Nikasema ahsante.

Yule farasi alikufa kwa mbung'o masika yaliyofuata. Baada ya Azimio la Arusha tajiri akaondoka, na farasi wakaisha. Ilipokuja amri ya kuhamia vijijini nikapelekwa upande wa Kwala, na mtu wa kwanza kuniona nashusha mizigo alikuwa Mihayo.

"Karibu, Mzaramo," akasema. "Serikali imechoka kukungoja ulime, imeamua kukuleta shambani."

Alikuwa anachoma mkaa. Kalunde alikuwa ameshakuja, wanaishi kwenye kibanda cha udongo. Anachechemea, lakini mdomo haukuvunjika.

Kijiji kilipata punda wachanga wa kubeba maji, hawajui hata kamba. Mwenyekiti akasema, tuna mafundi wawili hapa, tunahangaika nini? Mihayo akakataa mbele ya mkutano. "Mpeni Mzaramo. Mimi mkono wangu si wa kufundisha mnyama. Nitaua mtu."

Nikawafundisha peke yangu, na gunia tupu, kama alivyonifundisha. Yeye alikuwa anakuja anakaa kwenye gunia la mkaa anatazama. Nikikosea anafumba macho. Mara nyingi tulikuwa wawili tu pale. Ningeweza kumwambia. Mimi si mwoga, nimepambana na nyoka na nimepambana na makatibu kata. Niliogopa kitu kimoja: kwamba nikimwambia, hatacheka.

Mihayo alifariki mwaka 1983, kwa kifua. Msibani sisi watani tukafanya yetu. Nikachukua jembe la kuchimbia kaburi nikalikalia, nikasema mtu hazikwi hapa mpaka nilipwe.

Mzee mmoja wa kwao akasema, "Haya, mtani. Sema unachodai."

Nikasimama nikasema yote. Kiberiti, sukari guru, ua la makuti, nyonga, nyumba. Nikasema Mihayo alikuwa fundi kuliko mimi, na mkono wake haukuwa na kosa lolote. Nikasema mbele ya mkewe, na machozi yananitoka.

Watu walicheka mpaka wengine wakashika nguzo. Kalunde alikuwa hajala siku mbili, naye akacheka.

"Mzaramo wewe," akaniambia, "hata maiti unamwongopea. Eti farasi anaitwa kwa kiberiti. Leta kuku."

Nikamwambia, "Shemeji, ni kweli."

"Najua ni kweli," akasema, bado anacheka. "Leta kuku."

Nikaleta kuku. Wakamla. Watu wakasema sijapata kutania vizuri kama siku ile. Kalunde alirudi Tabora na wanawe, na mpaka anaondoka alikuwa anasimulia kwamba mume wake alikuwa mtu mwema, ila farasi hakuwaweza.

Ndiyo maana naandika hapa, mahali ambapo mimi si mtani wa mtu. Ninyi mnaosoma mna watani wenu. Ukimfanyia mwenzako jambo, mwambie siku hiyohiyo, akiwa bado anaweza kukutukana. Ukilichelewesha utabaki nalo, na siku ukilitoa watu watalicheka.

Leo nina nyumba ya tofali yenye bati, vyumba vinne. Nina shamba la mikorosho Vihingo na kiwanja Maili Moja. Nina mbuzi, baiskeli mbili, redio. Wajukuu wengi. Kiberiti sina, moto mke wangu anaomba kwa jirani, na sababu hajawahi kuambiwa. Nina hatamu moja ya ngozi, naipaka mafuta kila mwaka. Hiyo ni ya Mihayo.