Nyumba Kuukuu, Nyumba ya Kale

Shangazi yangu mshonaji akinunua kilo ya sukari, huipitisha kwanza kwa muuza misumari ikapimwe upya. Akimaliza hapo, humkodolea macho muuza misumari naye. Mtaani wanamwita Hakiki, na jina hilo halimuudhi hata kidogo. Kwake ni sifa. Mimi ni fundi uashi, mtoto wa kaka yake, na kwa sababu hiyo tu nilikuwa naruhusiwa kuingia kwake bila kupiga hodi.

Anaishi mtaa wa bondeni, hatua chache kutoka baharini, katika nyumba ya mawe na chokaa ambamo hata baba yake alizaliwa. Chumba cha mbele ndicho cha kazi: cherehani dirishani, nguo za watu kwenye kamba, meza ya kukatia vitambaa. Mwaka jana maji yaliingia mpaka kwenye pedeli ya cherehani, sakafu ikabomoka. Kabla hatujaanza kuitengeneza, zikazagaa habari kwamba manispaa inapita kuorodhesha nyumba za zamani.

Shangazi akaniita mbio. "Ipige saruji yote, nje na ndani. Wakija wakute mpya."

"Saruji juu ya chokaa haifai, Shangazi. Ukuta huu unatakiwa upumue."

"Ukuta una pua? Kaza mkono, fundi."

Nikakaza. Nilijua nafanya upuuzi, na nikaufanya vizuri: nikapiga lipu, nikanyoosha, nikapaka rangi. Wiki moja baadaye akaja mkaguzi wa majengo, mwanamke mpole mwenye mabuti ya mpira, akauliza nyumba imejengwa lini.

"Juzi tu," Shangazi akajibu.

"Juzi lini, mama?"

"Juzi, nilipokuwa bado na meno yote."

Mkaguzi akacheka, akaandika kwenye fomu: jengo jipya. Alipoondoka, Shangazi alifurahi siku nzima. Alidhani amewapiga chenga.

Kisha barua ikaja. Jengo jipya la bondeni likikarabatiwa, ilisema, sakafu lazima ipandishwe mita moja ili mafuriko yasiifikie. Siku tisini, la sivyo nyumba ihamwe. Nilipima toka sakafuni hadi kwenye boriti za dari, nikapata mita mbili na kidogo. Shangazi angeshona amepiga magoti. Maana yake ni kwamba nyumba imekwenda.

Nikaenda manispaa na hasira zangu, nikapokelewa na mkaguzi yule yule. Akanionyesha kifungu: nyumba za kale zimesamehewa, mradi ziandikishwe. "Ile ingekuwa ya kale tungeiacha ilivyo," akasema. "Lakini mwenyewe amekana." Nikarudi kumweleza Shangazi.

"Mtego huo," akasema, wala hakuinua macho kwenye pindo. "Nikikubali ni kuukuu, kesho wanaibomoa kwa ukuukuu wake."

"Hawakusema kuukuu. Wamesema ya kale."

"Tofauti yake nini? Mimi hapa ni wa kale au ni kuukuu?"

Nikafanya kosa la kucheka. Akanitoa nje.

Nilimbembeleza karibu wiki kumi na mbili. Kila nikienda ananiuliza nani kanituma, na huko manispaa nimekunywa chai na nani. Zilipobaki siku tatu, nikachoka. Asubuhi nikaenda na mkaguzi, nikaingia kama kawaida yangu, nikashika nyundo na tindo, nikabandua lipu yangu mwenyewe, upana wa sinia. Chokaa ikamwagika, mawe yakaonekana. Mkaguzi akayapapasa, akapiga picha, akafuta neno "jipya" kwenye fomu yake. Kazi ikawa imekwisha, nyumba imesalimika.

Mguu wa Shangazi ulikuwa umeganda juu ya pedeli. Hakumtazama mkaguzi hata mara moja. Alinitazama mimi.

"Wamekuahidi nini?"

"Hakuna, Shangazi."

"Mtoto wa kaka yangu anabomoa ukuta wangu bure?"

Nikamweleza. Nikaeleza tena. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika mwongo, hata masikioni mwangu. Siku ile ile akabadilisha kitasa.

Sasa ni miezi minne. Cheti cha nyumba ya kale amekipokea, na nasikia hukigeuzageuza kwenye mwanga akitafuta maandishi ya siri. Sakafu kaijenga fundi mwingine. Nimeumia, sifichi. Juzi nilipeleka suruali iliyochanika, nami ndiye niliyeichana, nipate angalau kumwona. Akaipokea dirishani, akafungua daftari la wateja.

"Jina?" akauliza.

Nikamtajia.

"La baba?"

Nikamtajia kaka yake. Akaliandika.