Saa ya Mishale Miwili

Mpaka leo, mtu akiiita saa ile "saa ya bibi", yaani saa ya kike, damu inanichemka. Niliinunua mwenyewe huko Ubelgiji, juma lile lile nililopata diploma yangu ya uhandisi, mimi niliyetoka kijijini Miti na viatu vya kuazima, bila mjomba wizarani wala padri wa kuniombea nafasi. Wenzangu walijinunulia redio. Mimi nilisimama mbele ya kioo cha duka la saa mpaka muuzaji akatoka kuniuliza natafuta nini.

Ilikuwa ya dhahabu, nyembamba kama biskuti, uso mweupe wa maziwa, bila tarehe wala namba. Vijistari tu kuzunguka ukingo, na mishale miwili. Muuzaji alinieleza kwamba umbo hilo halijabadilika tangu enzi za babu yake. Mshale wa sekunde uliachwa makusudi: anayevaa saa kama hiyo yuko karamuni, na mtu wa karamuni kuhesabu sekunde ni kumtukana mwenyeji. Wembamba nao una kazi yake. Saa inateleza chini ya mkono wa shati, inajificha, na ukinyoosha mkono kupokea glasi inachungulia kidogo tu. Niliielewa hapo hapo. Hakuna aliyelazimika kunieleza mara mbili.

Nchi yangu sikuipima kabla ya kununua. Niliporudi Bukavu, koti la Kizungu pamoja na tai yake vilikuwa marufuku kwa amri ya serikali. Mwanaume wa heshima alivaa abakosti, koti la kufungwa mpaka shingoni bila tai, na fundi alinishonea ya mikono mifupi. Saa iliyotengenezwa kuchungulia ikabaki uchi juu ya mkono mzima. Na mjini kila aliyejiweza alivaa saa ya chuma, kubwa kama kifuniko cha termosi, yenye tarehe na namba zinazong'aa gizani.

Hivyo ndivyo nilivyoingia mtaa wa Muhumba, nyumbani kwa baba wa msichana niliyetaka kumwoa, nikiwa na baba yangu mdogo wa kunisemea. Maneno yalikwenda vizuri mpaka shangazi wa msichana aliponipa glasi ya kasiksi, ile pombe ya ndizi. Badala ya kuiachia glasi, alinishika mkono.

"Ngojea kwanza, mukwe. Hii saa iko ya nani?"

"Iko yangu, tantine."

"Yako? Kadogo hivi? Hii iko ya mwanamuke." Akaigeuza kwenye mwanga. "Tena iko na mishale mbili tu. Ya tatu ulibakisha kwa mwenyewe, kule Bulaya?"

Sebule nzima ikacheka. Baba wa msichana hakucheka.

"Mwanangu," akaniuliza taratibu, "miaka yote ile, nani alikuwa anakupikiaka?"

"Nilikuwa najipikia, papa."

"Mutu wa diplôme, anajipikia?"

Basi nikaelewa. Vichwani mwao walikuwa wamekwisha kunipa mke wa Kizungu, na saa yake nimeivaa kwa kumkumbuka. Baba yangu mdogo, niliyemleta anitetee, akaniinamia: "Kama iko bibi kule, sema tu. Tutaona namna ya kupanga."

Nikasimama. Niliwaeleza mkono wa shati, karamu, sekunde, babu wa muuzaji, kazi ya fundi anayebana mashine nzima katika unene wa sarafu. Nilieleza vizuri, nimewahi kueleza daraja mbele ya maprofesa wakanipigia makofi. Nilipokaa, shangazi alikuwa akitikisa kichwa.

"Munasikia? Juu ya mutoto wetu alisema maneno mbili. Juu ya saa, kitabu muzima."

Alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Baba wa msichana akaweka glasi yake chini. "Kama hakuna bibi, hii saa haina mwanamuke wake. Muvalishe mutoto wetu, tuendelee. Kama iko bibi, kasiksi ingali iko, kunywa, halafu urudi kwenu Miti."

Msichana akaitwa. Alinyoosha mkono bila kuniangalia usoni. Nilifungua mkanda wa saa mimi mwenyewe mbele ya watu wote, nikaufunga mkononi mwake kwenye tundu la mwisho, na saa ikamkaa kana kwamba alipimwa dukani.

"Si munaona?" shangazi akasema. "Iko yake tangu zamani."

Tulioana. Mke wangu huivaa sokoni na kanisani, na wakati mwingine akiosha sahani, hata ukungu umewahi kuingia chini ya kioo. Nikimwambia aivue hunijibu, "Ulinipa mbele ya watu, papa." Mimi navaa bonge la chuma lenye tarehe, na watu wa ofisini wanalisifu.

Kuitia ufunguo hakumbuki kamwe. Jioni akiivua na kuiweka karibu na taa, naichukua na kuizungusha mimi mwenyewe, polepole, mpaka inakaza. Halafu asubuhi huirudisha mkononi na kuniambia tena kwamba saa yake haijawahi kusimama.