Puli ya Krenki, Mimi na Mama Mkwe

Gari letu lilikuwa linavuja oili nyuma ya puli ya krenki, lile gurudumu la chuma pembeni mwa injini linalozungusha mikanda. Sili ya mpira iliyo nyuma yake ilikuwa imechoka. Fundi wetu wa Mwanjelwa alikuwa msibani, mume wangu yuko Rujewa kwenye mavuno ya mpunga, na mimi nilikuwa nimeahidi kumrudisha mama mkwe Iringa awahi ubatizo wa mjukuu wake. Nikaamua kuifungua mwenyewe. Niliwahi kumshikia fundi tochi akifanya kazi hiyo hiyo, na tangu siku ile mikono ilikuwa inaniwasha kujaribu.

Nikavaa suruali kuukuu ya mume wangu. Hapo ndipo palipokuwa na mtihani, maana mama mkwe hakuwahi kuniona na suruali. Tulikuwa tumeishi kwa heshima nyingi na maneno machache. Nikainua gari kwa jeki, nikaliweka kwenye stendi za chuma, nikatoa tairi la mbele na mkanda. Nikaweka soketi, ile spana ya kikombe, kwenye bolti ya puli, nikavuta. Puli ikazunguka pamoja na bolti.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Haifunguki?"

"Inazunguka tu, mama. Gari nimeliweka gia, ila anatakiwa mtu wa kukanyaga breki."

Akaweka kikombe chini, akakaza kitenge, akaingia kwenye kiti cha dereva. "Nionyeshe breki ni ipi."

Nikachomeka kipande cha bomba la maji kwenye mpini wa soketi ili uwe mrefu, nikavuta. Wapi.

"Kanyaga kabisa, mama."

"Nimekanyaga mpaka goti linatetemeka, mwanangu."

Nikajitupa kwenye lile bomba kwa uzito wangu wote. Ukatoka mlio, paa, nikajikuta nimekaa chini kwenye vumbi. Nilijua nimekata bolti. Nikaigusa kwa vidole. Ilikuwa nzima, inazunguka laini kabisa. Nikaanza kucheka na sikuweza kuacha.

"Imevunjika?" akauliza kutoka ndani.

"Imelegea, mama. Imekubali."

Bolti ikatoka, lakini puli yenyewe ilikuwa imeng'ang'ania. Nikapulizia dawa ya kutu, nikasubiri, nikaanza kuibandua kwa bisibisi kubwa, huku kidogo, huku kidogo. Mama mkwe akaja akapiga magoti kando yangu.

"Nipe na mimi bisibisi moja."

Tukabanana pale bega kwa bega, yeye upande wake, mimi wangu, tukisukuma pamoja kila nikisema "haya". Puli ikasogea. Ikasogea tena, halafu ikachomoka yote ikamwangukia mapajani. Kitenge kikajaa oili, naye hata hakukitazama. Aliinyanyua ile puli kwa mikono miwili, uso umemng'aa.

"Mpigie mume wako," akasema. "Mpigie aone."

Nikapiga simu ya video. Mume wangu akatutazama, sisi wawili weusi mpaka viwikoni. "Nani kafungua hiyo?"

"Sisi," akajibu mama yake.

Nikabadilisha sili, nikarudisha kila kitu, nikaikaza ile bolti kwa bomba lile lile, yeye akiwa kwenye breki. Kesho yake, njiani kwenda Iringa, tulipofika Igawa nilisimamisha gari nichungulie chini ya injini. Kukavu. Nilipoinuka, mama mkwe alikuwa ameshashuka, anamsimulia muuza vitunguu jinsi tulivyoitoa, na mikono yake inaonyesha ukubwa wa puli ambayo ingetosha lori.