Amani ya Baba kwa Mama Mkwe

Likizo ya Agosti kwetu haikuwa likizo. Shule zilifungwa, ndiyo, lakini maharagwe yalikuwa yamekauka shambani na hakuna aliyekuuliza kama umechoka. Asubuhi tulivuna, mchana tukapura kwa fimbo uani, na jioni tulichoma mahindi mabichi mpaka midomo ikawa myeusi. Tuliishi nje kidogo ya mji wa Kitale, mwendo wa nusu saa kutoka kigango chetu, kanisa dogo la mbao lenye madirisha yasiyo na vioo. Mwaka huo, katikati ya miaka ya themanini, nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa nipokee komunyo ya kwanza siku ya Kupalizwa Bikira Maria.

Katekista wetu alikuwa mtu wa masharti. Alitangaza kwamba kila mtoto ataletwa mbele na wazazi wake wote wawili, baba ameshika bega la kulia, mama la kushoto. Nilifurahi kupita kiasi. Baba yangu alikuwa mrefu kuliko baba za wenzangu wote, na nilitaka wamwone.

Shida ilikuwa kukhu. Ndivyo tulivyomwita nyanya, mama yake mama, aliyeishi Kabuchai, kule Bungoma. Ni yeye aliyenifundisha Baba Yetu kabla sijajua kuandika jina langu, na alikuwa amekwisha kusema anakuja. Sasa, kwetu sisi Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake wana mipaka. Hawapeani mkono, hawaketi karibu, na kula pamoja ndiyo kabisa hakuna. Baba akimwona kukhu njiani, alichepuka akapitia kwenye mahindi ya watu. Haikuwa chuki. Alimheshimu mno.

"Kwani kanisani mtaketi pamoja?" mama alimwuliza. "Si wanaume wako kulia na wanawake kushoto?"

"Na si mnasema Misa ni karamu?" baba akajibu. "Padre mwenyewe husema njooni mezani. Sasa mimi nile meza moja na mama yako? Hapana, bana. Nitabaki niwachinjie kuku."

Katekista akaitwa. Akaeleza kwamba ile ni meza ya Bwana, na mbele yake mila hunyamaza. Baba alimsikiliza kwa adabu, akamsindikiza mpaka njiani, akarudi na msimamo wake uleule. Mimi nililia siku mbili. Nilikuwa mtoto wa hasira, sikatai.

Wiki hiyo mama alinichukua tukampelekea kukhu maharagwe mapya. Mama alipoenda kusalimu jirani, nikaona nafasi. Kukhu alikuwa mlangoni akipepeta wimbi.

"Kukhu, usikuje kwa komunyo yangu," nikamwambia. "Ukikuja, baba hatakuja."

Ungo ukasimama. "Ati nisikuje?"

"Ndiyo. Mimi nataka baba."

Aliniangalia kidogo, halafu akaendelea kupepeta. "Haya, mama. Nimesikia." Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Nilirudi Kitale nimeshinda, lakini jioni niliusukuma kando ugali wangu. Nilimwambia baba kwamba kukhu hatakuja. Sikumwambia kwa nini.

Siku yenyewe mvua haikungoja mchana kama kawaida yake. Baba alivaa koti la harusi yake, mimi gauni jeupe na viatu vya raba vilivyotoka duka la Singasinga mjini. Watoto na wazazi tuliwekwa viti vya mbele. Padre aliposema tutakiane amani, baba alinipa mkono, na mkono wake ukaganda katikati ya wangu. Alikuwa ametazama dirishani.

"Kukhu wako yuko nje," akaninong'oneza.

Kweli alikuwa nje. Alikuwa amejibanza ukutani chini ya upenu, kitenge chake cha sikukuu kimelowa mpaka magotini. Alikuja, lakini hakuingia, ili baba aingie. Nilihisi uso unaniwaka kwa aibu.

"Nenda umpe amani," baba akasema. "Mwambie imetoka kwangu."

Nilitoka mbio mbele ya watu wote. Kukhu aliupokea mkono wangu kwa mikono yake miwili, baridi kama maji ya kisima. Nikampa amani ya baba. Yangu ilibidi ingoje.

"Kukhu, nisamehe. Nilikuwa na roho mbaya."

"Ulimtaka baba yako. Hiyo nayo ni dhambi?" Akanifuta matone usoni. "Mrudishie na yeye amani yangu. Haya, ingia, gauni linalowa!"

Nikairudisha. Baba alikohoa mara mbili. Zamu yetu ilipofika walinishika mabega kama katekista alivyotaka, nikapokea, mama akapokea, lakini baba akasogea kando bila kufungua mdomo. Watu wa ndani walipokwisha, padre alishika kikombe cha hostia akatoka nacho kwa mlango wa pembeni, kwenda kwa kukhu.

Hapo baba akageuka akaukabili ukuta. Kanisa zima lilimtazama, lakini hakujali. Mkwe hamwangalii mama mkwe wake akila, wala hali naye wakati mmoja.

"Amekula?" akaniuliza, uso bado ukutani.

Nikachungulia. Kukhu alikuwa amefumba macho, mvua ikimchuruzika shavuni. "Bado."

Akangoja. Padre akarudi ndani viatu vikidondosha maji, akasimama mbele ya altare na kikombe chake. Nikachungulia tena.

"Amemeza, baba."

Ndipo akageuka, akalinyoosha koti lake, akaenda mbele peke yake, wa mwisho kabisa, akafungua mdomo.