Buti Zilizolala Nje

Baridi ya Sydney haina theluji, ndiyo maana watu huidharau. Mimi naichukia bila haya. Mwaka wa pili wa korona, jiji lilipofungwa tena, nilikuwa naondoka kwetu Ingleburn saa kumi na moja na robo alfajiri kwa baiskeli kwenda Liverpool ya hukohuko Sydney, kwenye nyumba ya kutunzia wazee nilikokuwa nafanya kazi. Treni zilikuwepo. Lakini niliishi na mama yangu, ambaye mapafu yake yalichoshwa na moshi wa kuni wa kambi ya wakimbizi, na chanjo alikuwa bado hajamaliza. Nilijiapiza kwamba ugonjwa ule ukiingia nyumbani, hautaletwa na mimi. Behewa la watu wanaokohoa sikulitaka.

Baiskeli ilikuwa imara, miguu ndiyo ilikuwa inanitesa. Raba zangu zilikunywa maji kabla sijafika Macquarie Fields. Nikavaa mifuko ya mkate juu ya soksi. Miguu ikatoa jasho, jasho likapoa, na kazini nikawa natembea nikichakarisha kama panya jikoni. Nikajaribu gambuti. Maji hayakuingia, nakiri, ila kisigino kiliogelea ndani na soli iliteleza. Pedali zangu ni bapa, zina vijino vya chuma vya kushika kiatu, na kiatu kikiteleza vinashika muundi. Kovu ninalo hadi leo. Muuza baiskeli alinishauri kwa simu ninunue viatu vya kujifunga kwenye pedali. Nikamuuliza, nikianguka ninaanguka nayo? Akacheka. Mimi sikucheka, maana vidole viwili vilikuwa vimevimba, vimegeuka zambarau, na nilianza kuwaza kurudi kwenye treni.

Aliyeniokoa ni mzee wa chumba cha mwisho. Alikuwa mzungu mwembamba, mpanda milima wa zamani, mwenye miguu midogo kama yangu. Kila asubuhi, nikimsugua kifua kwa dawa ya kafuri, aliuliza swali lilelile: nje kuna mvua? Siku moja akaziangalia raba zangu zilizolowa, akaniamuru nifungue kabati lake. Mlikuwa na buti za ngozi zilizopakwa nta, ulimi wake umeshonwa pande zote mbili ili maji yasipenye, soli ngumu na tambarare. Akanifundisha. Kiatu cha baridi kiache nafasi ya soksi nene za sufu na vidole vicheze, kwa sababu mguu uliobanwa damu haiufikii. Soli isiwe na mifereji mikubwa, la sivyo pedali haina pa kushika. Kamba zichomekwe ndani zisiliwe na mnyororo. Akasema akiondoka, buti ni zangu.

Akaondoka mwezi uleule, kwa uzee tu. Wageni walikuwa hawaruhusiwi, hivyo binti yake aliagana naye kupitia tableti niliyoishika mimi. Baadaye nikamvisha mzee soksi, kwa sababu miguu yake ilikuwa baridi na sikuweza kuvumilia kuigusa. Binti akasema buti nichukue, meneja akakubali, nikazifuta kwa dawa mara tatu.

Mguu haukuteleza tena. Njia yenyewe ndiyo ilikuwa imekufa. Taa za barabarani zilibadilika rangi bila gari hata moja, na mimi mjinga nikasimama kuzisubiri. Karibu na Casula ubao wa umeme uliwaamuru watu wakae nyumbani, na mtu nilikuwa peke yangu. Helikopta ilizunguka mahali fulani juu, sikuiona.

Nyumbani niliweka sheria. Sare niliivua kwenye chumba cha kufulia, nikaoga kabla ya salamu, na buti zililala nje, kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Mama asiziguse, na mlango ule asiufungue. Nilipomweleza aliziangalia buti, akaangalia giza lililokuwa nyuma yangu, akasema, "Haya." Mama yangu hajawahi kunikubalia jambo kwa neno moja. Nilipaswa kushtuka palepale.

Asubuhi ya tatu niliingiza mguu ndani ya buti, nikautoa haraka. Mlikuwa na joto. Buti nilizoziacha zimelowa chapachapa zilikuwa kavu, na zina vuguvugu kana kwamba mtu ametoka kuzivua sasa hivi. Jioni nilizitupa kwa uchovu, moja ikalala ubavu. Sasa zilikuwa zimesimama pamoja, kamba zimelegezwa, ncha zinaelekea barabarani. Nikainama kunusa. Kafuri. Uani palikuwa na kamba ya nguo, pipa la taka na mvua, basi.

Jioni ile niliziweka makusudi zikitazama ukuta. Alfajiri zilitazama barabara, zina joto. Nikaziweka nyuma ya pipa, zikarudi kwenye ngazi. Mama sikumwambia. Ningemwambia nini, kwamba nimemkinga na korona nikamletea mzimu? Niliogopa kwelikweli, nikiendesha huku nikigeuka nyuma, nikihisi miguu miwili inazungusha pedali pamoja na yangu. Lakini treni niliiogopa zaidi, na vidole vilikuwa vinapona. Woga ukazoeleka. Nikaanza kumjibu swali lake pale kwenye ngazi, "Mvua ipo, mzee." Halafu, "Ahsante, mzee." Naona haya kusema, lakini nilijisikia napendwa. Miezi ile hakuna aliyekuwa ananiuliza habari ya miguu yangu.

Jumapili moja mchana meneja wetu, Mkenya, akanipigia simu. "Skiza, my dear. Uko close contact. Resident wa wing yako ako positive. Usikuje kazi, isolate fourteen days na mama, na mpimwe leo."

Nikavaa barakoa, nikasimama mbali na mlango wa jikoni nikamweleza mama kwamba mzee mmoja wa upande wangu kazini amekutwa na korona, na sisi tupimwe na tujifungie siku kumi na nne. Nikasema tumshukuru Mungu, angalau hajagusa kitu changu. Mama akaacha kuchambua maharage.

"Nimeguza," akasema.

"Umegusa nini?"

"Viatu yako. Kila usiku inalala na mimi, pembeni ya kitanda. Saa kumi nikiamka kusali, naweka ndani machupa ya maji ya moto, narudisha nje mbele hujaamka."

Nikanusa kafuri toka pale niliposimama. Mama naye alijisugua kifua kwa dawa hiyohiyo kila siku. Nikampigia kelele mama yangu mzazi, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Unataka kufa kwa ajili ya viatu? Akangoja nimalize.

"Ile usiku ya kukimbia Burundi, viatu yangu nilikuwa nimeanika nje. Sikuipata. Nilikimbia peku siku tatu, na weye uko tumboni. Mtoto wangu, viatu yake hailali nje. Inalala ndani, inaangalia mlango."

Ndipo nikakumbuka. Kambini viatu vyetu vyote vililala kando ya mkeka kwa mstari, ncha mlangoni, tayari. Nilikua nikidhani kila mtu duniani hupanga viatu hivyo, kisha nikaja huku nikasahau.

Tulipimwa. Siku mbili tulingoja majibu, kila mtu chumbani kwake, na kila mama alipokohoa nilishika ukuta. Majibu yakaja kwa ujumbe wa simu: hatuna, wote wawili. Nililia. Tulimaliza siku kumi na nne hivyohivyo, na mama akaniahidi hatagusa tena buti.

Asubuhi ya kurudi kazini nilifungua mlango wa nyuma. Buti zilikuwa zimelala ubavu mvuani, zimejaa maji, baridi hadi mifupani. Nikazivaa hivyohivyo. Nikageukia nyumba nikasema kwa sauti, "Ahsante, mama."

Sauti ikajibu papo hapo, karibu sana, nyuma ya mlango. "Leo ni mimi? Na ule mzee wako?"

Kumbe alfajiri zote zile alikuwa amesimama pale, mikono yake bado ina joto la buti zangu, akinisikia nikimshukuru maiti.